Mathayo 17:21 imekwenda wapi? Nimekwama mbele ya kikundi changu

KiongoziWaAlhamisi:

Bwana asifiwe wapendwa. Naongoza kikundi cha kujifunza Biblia, watu kumi na wanne, kila Alhamisi jioni. Wiki iliyopita tulikuwa Mathayo 17, habari ya yule kijana mwenye kifafa ambaye wanafunzi walishindwa kumponya. Huwa tunasoma kwa zamu, kila mtu mstari mmoja. Dada mmoja mwenye tafsiri mpya aliyopewa zawadi akasoma mstari wa 20. Aliyemfuata, mwenye Union Version, akasoma wa 21: "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga." Yule dada akainua mkono. Kwake 21 haipo. Ikiisha 20 inakuja 22.

Somo likaishia hapo. Kila mtu akaanza kupekua. Tukakuta Matendo 8:37 nayo haimo katika Biblia yake. Mzee mmoja, ndiye aliyenifundisha kuomba nikiwa mtoto, akafunga Biblia yake akasema, "Kama wamethubutu kuondoa kufunga, wataondoa na msalaba." Kijana mwingine akasema mwenzake kazini humwambia kila siku kwamba Biblia imenakiliwa mara nyingi mno hata hakuna ajuaye ilisemaje mwanzoni, na kwamba sasa anaona huenda mwenzake ana hoja.

Sikuwa na jibu. Nikafunga kwa maombi na kuahidi tutaendelea. Nimelala vibaya tangu siku hiyo, kwa sababu ya yule mzee zaidi kuliko yule kijana. Je, kuna mtu ameondoa maneno ya Mungu? Na kama nakala zinatofautiana, nitasimamaje mbele ya watu niseme "Neno la Bwana"?

SimamaImara:

Ndugu, kaa na Union Version uache hizo nyingine. Ufunuo 22:19 imeshasema: mtu akiondoa lolote katika maneno ya kitabu hiki, Mungu atamwondolea sehemu yake katika ule mti wa uzima. Wanaotoa mistari wanajua wanachokifanya. Mzee wako ana macho kuliko ninyi nyote.

MwalimuMstaafu:

Ndugu Kiongozi, pole. Nilifundisha Kigiriki cha Agano Jipya miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu, na swali lako nililisikia katika kila darasa, safari nyingine kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa akilia. Kwa hiyo silichukulii kwa wepesi. Uniwie radhi kwa urefu.

Anza na mzee. Alhamisi mwombe, kwa heshima, afungue Biblia yake mwenyewe na kuuangalia mstari huo kwa makini. Ataona umewekwa ndani ya mabano ya mraba. Matendo 8:37 vilevile. Aende pia Mathayo 6:13, penye Sala ya Bwana: "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, hata milele. Amina." Mabano tena. Hiyo ni Union Version, iliyotoka Biblia nzima mwaka 1952. Mabano hayo yanamwambia msomaji kwamba maneno yaliyomo hayapatikani katika nakala za kale zaidi. Kwa hiyo tafsiri ya dada yenu na Biblia ya mzee zinashuhudia jambo moja. Moja imeuweka mstari ndani ya mabano, nyingine imeuacha.

Sasa, kwa nini namba ikaruka? Mathayo hakuandika namba. Mistari ya Agano Jipya tunayoitumia ilitiwa namba na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551, akifuata Kigiriki kilichokuwa kimechapwa zama zake, na humo mstari huo ulikuwamo. Baadaye nakala za kale zaidi zilipojulikana na kuchunguzwa, ikaonekana zilizo kongwe kuliko zote hazina maneno hayo mahali hapo. Wafasiri wangebadilisha namba zote zinazofuata, watu wasingepatana tena kutafuta andiko. Ndiyo maana nafasi ya 21 imebaki tupu.

Na maneno yenyewe yalitoka wapi? Soma Marko 9:29, habari ileile: namna hii haitoki isipokuwa kwa kuomba. Mwandishi aliyekuwa akinakili Mathayo alikuwa anaijua Marko kwa moyo. Akalileta neno la Marko ndani ya Mathayo. Hata "na kufunga" haimo ndani ya Marko yenyewe katika kodeksi (kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ya Vatikano na katika mkono wa kwanza, yaani mwandiko wa awali kabla ya kusahihishwa, wa kodeksi ya Sinai, ambazo zote mbili ni za karne ya nne.

Hapa naomba nikusimulie zoezi la darasani, kwa sababu lilinifundisha mimi kuliko wanafunzi. Nilikuwa naandika ubaoni sala ya Luka 11 kwa umbo lake fupi: "Baba, jina lako litakaswe, ufalme wako uje," na kuendelea. Mwanafunzi wa kwanza ananakili kwa mkono. Wa pili ananakili daftari la wa kwanza, wa tatu la wa pili, hivyo hivyo kwa safu nne za wanafunzi saba saba. Karibu kila mwaka, kufikia daftari la tatu au la nne, "Baba" lilikuwa limekuwa "Baba yetu uliye mbinguni", na "mapenzi yako yatimizwe" yameingia yenyewe. Nikimwuliza aliyeandika, anaapa kwamba amenakili tu. Na ni kweli hakukusudia. Mkono uliandika kile ambacho mdomo ulishazoea kusali. Tazama sasa Luka 11:2 katika Union Version: "yetu uliye mbinguni" iko ndani ya mabano. Wanafunzi wangu walirudia kosa la waandishi wa zamani, neno kwa neno, na sikuwa nimewaambia lolote.

Kisha nilikuwa nafuta ubao. Nawaambia: andiko la asili limepotea, tandazeni madaftari yote ishirini na manane mezani mnirudishie nilichoandika. Walikuwa wanabishana saa nzima. Safu hii imeongeza hapa, safu ile haijui nyongeza hiyo. Huyu ameruka mstari, wenzake wote wanao. Na karibu kila mara walilipata. Mara chache walibaki na neno moja wasiloweza kuliamua, wakaliandika pembeni pamoja na lingine.

Hali ya Agano Jipya ni hiyo hiyo. Ubao umefutwa, hakuna kipande cha karatasi chenye mwandiko wa Paulo. Lakini madaftari ni mengi. Nakala za Kigiriki, nzima na vipande, zinapita 5,000. Kuna kipande cha mafunjo, yaani karatasi ya kale ya matete, huko Manchester, kidogo kuliko kiganja, chenye mistari ya Yohana 18, ambacho kwa kawaida huwekwa katika karne ya pili. Kuna kitabu cha nyaraka za Paulo cha karibu mwaka 200. Linganisha na Julius Caesar: habari za vita vyake vya Gallia, Ufaransa ya leo, tunazisoma kwa nakala ambazo kongwe kabisa ni za karne ya tisa, miaka mia tisa baada yake.

Yule mwenzake wa kijana wenu anaposema "zimetofautiana", mwambie ndiyo, na tofauti ni nyingi, kwa maelfu ya maelfu. Nyingi mno ni tahajia na mpangilio wa maneno, vitu ambavyo huwezi hata kuvionyesha katika tafsiri. Wingi wa tofauti unatokana na wingi wa nakala. Kama ingebaki nakala moja tu tusingekuwa na tofauti hata moja, na tusingekuwa na njia yoyote ya kugundua kosa.

Lakini uwe mkweli kwake katika jambo hili: nakala njema zinatuonyesha Luka aliandika nini. Hazithibitishi kwamba alichoandika ni kweli. Hilo ni swali lingine, lina ushuhuda wake, na ukiyachanganya mawili haya atakukamata.

Ndugu SimamaImara, nakuheshimu, na kwa sababu umetaja Ufunuo 22:19 acha nikuambie habari yake. Erasmus, msomi wa Kiholanzi, alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516, nakala aliyokuwa nayo ya Ufunuo ilikuwa imepoteza ukurasa wa mwisho. Akaichukua Kilatini akairudisha kwenye Kigiriki mwenyewe. Kilatini alichofuata kilisoma "kitabu cha uzima" mahali ambapo nakala za Kigiriki zinasema "mti wa uzima"; kwa Kilatini maneno hayo yanakaribiana kwa herufi. Kosa hilo likaingia katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Union Version uliyoinukuu inasema "mti". Yaani mstari huohuo unaokataza kubadilisha uliwahi kubadilika kwa bahati mbaya, na ukarudishwa mahali pake na watu wanaolinganisha nakala, kazi ileile unayoiogopa.

MfasiriKiebrania:

Mwalimu, shikamoo. Naongezea upande wa Agano la Kale, maana nimo katika timu inayotafsiri kwa lugha ya mama yangu na meza yangu ni ya Kiebrania.

Kabla ya mwaka 1947 nakala kamili ya Kiebrania tuliyoitegemea ilikuwa ya mwaka 1008 hivi. Kisha yakapatikana magombo ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Gombo kubwa la Isaya lina urefu unaopita mita saba, lina sura zote 66, na ni la zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo. Kwa ghafla tulisogea nyuma kama miaka elfu moja. Watu walishika pumzi. Isaya aliyesomwa pale ni Isaya tunayemjua, pamoja na tofauti nyingi ndogondogo.

Kuna sehemu moja katika gombo hilo ambayo kila nikiiona picha yake nanyamaza. Isaya 40:7 inaanza "Majani yakauka, ua lanyauka," na mstari wa 8 unaanza kwa maneno hayohayo. Jicho la mwandishi liliruka kutoka la kwanza kwenda la pili, akaacha yaliyo katikati. Mkono mwingine ukaja baadaye ukayaandika juu ya mstari na kushuka pembeni. Na maneno yanayofuata hapo ni "Bali neno la Mungu wetu litasimama milele." Nilianza kazi hii nikidhani waandishi wa kale walikuwa kama mashine. Niliupenda zaidi mstari huo baada ya kuliona kosa pamoja na masahihisho yake.

Na tusifiche yasiyotimia. Urefu wa Goliathi: Kiebrania cha mapokeo kinasema mikono sita na shibiri, karibu mita tatu. Gombo la Samweli la Qumran linasema mikono minne na shibiri, mita mbili na kitu, na tafsiri ya kale ya Kigiriki inakubaliana nalo. Sisi tumeandika sita ndani na nne chini ya ukurasa. Tulibishana siku mbili. Mimi binafsi naona nne ndiyo ya asili, kwa kuwa hadithi huelekea kumrefusha mtu kuliko kumfupisha, lakini timu ilipiga kura.

Kiongozi, kuna jambo ambalo kikundi chako kinaweza kulichanganya. Nakala kutofautiana ni jambo moja, wafasiri kutofautiana ni jambo lingine kabisa. Katika 1 Samweli 24 Kiebrania kinasema Sauli aliingia pangoni "kufunika miguu yake". Nakala hazina ugomvi hapo. Mfasiri mmoja ataiacha hivyo, msomaji adhani mfalme alikuwa anasikia baridi. Mwingine ataandika "kujisaidia". Ile ni tafsida ya Kiebrania, na sisi tunayo yetu. Hakuna aliyeondoa kitu.

Au chukua Yohana 1:1. "Neno" liko katika ngeli ya LI-YA, kwa sarufi tupu ungeandika "Neno lilikuwako kwa Mungu". Union Version inasema "naye Neno alikuwako kwa Mungu". Kitenzi cha Kigiriki hakitenganishi mtu na kitu namna ile. Kiswahili kinakubana uchague papo hapo, na wale wafasiri walichagua kumhesabu Neno kuwa nafsi, kwa kuwa mbele kidogo anafanyika mwili. Naona walichagua vema. Ila ujue kwamba ile "a-" ni uamuzi wa mfasiri, mwandishi wa nakala hahusiki nayo. Ndiyo maana nashauri watu wasome tafsiri mbili: moja inayofuata maneno kwa karibu kama Union Version, na moja inayofuata maana kama Habari Njema. Zikipishana, hapo pana kitu cha kuchimba.

SimamaImara:

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Lile la mti na kitabu sikulijua, nakushukuru. Lakini moyo wangu unauma kwa 1 Yohana 5:7-8, "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja." Nimeufundisha mstari huo maisha yangu yote. Nao upo ndani ya mabano, nimetazama sasa hivi. Ukitoka, Utatu tunausimamisha wapi?

MwalimuMstaafu:

Marahaba mfasiri, ubarikiwe kwa lile la Isaya.

SimamaImara, asante kwa kuuliza hivyo. Mimi pia niliufundisha. Ukweli wake ni huu: nakala za kale za Kigiriki hazina maneno hayo. Yalikaa katika Kilatini. Erasmus aliyaacha katika chapa zake mbili za kwanza, akashutumiwa vikali, akayaingiza katika ya tatu, mwaka 1522, baada ya kuonyeshwa nakala ya Kigiriki yenye maneno hayo, nayo ilikuwa ya karne ileile yake. Iko Dublin mpaka leo.

Ila fikiri. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 walimkiri Mwana kuwa wa asili moja na Baba, na hawakuusimamisha ukiri wao juu ya mstari huo. Walikuwa na Yohana 1. Walikuwa na Mathayo 28:19, "kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu," ambayo haikosekani katika nakala yoyote ya Kigiriki iliyobaki na ukurasa wake wa mwisho wa Mathayo. Ukiutoa mstari wa 1 Yohana, nyumba haitikisiki, maana haikujengwa juu yake. Na kufunga vilevile: Mathayo 6:16, Mathayo 9:15, Matendo 13:3. Mwambieni mzee Bwana bado anasema "Tena mfungapo".

KiongoziWaAlhamisi:

Sina namna ya kuwashukuru. Swali moja la mwisho kabla ya kesho: Yohana 8, yule mwanamke aliyefumaniwa. Nimeona mabano na pale. Hiyo nayo? Kwa kweli hiyo itanivunja.

MwalimuMstaafu:

Hiyo nayo. Haimo katika mafunjo makongwe ya Yohana wala katika kodeksi za Sinai na Vatikano, na katika kundi moja la nakala iko Luka, mwishoni mwa sura ya 21. Inaonekana ilikuwa habari inayotembea, ikitafuta mahali pa kukaa. Wataalamu wengi, nami mmojawapo, wanaona haikuandikwa na Yohana. Wengi wao pia wanaona inanukia habari ya kweli ya Yesu, iliyohifadhiwa nje ya Injili nne hadi mtu fulani akaogopa isipotee. Mimi naihubiri. Kabla ya kuanza nawaambia watu imetoka wapi. Hakuna aliyewahi kutoka nje ya kanisa kwa sababu hiyo. Waliotaka kutoka ni wale niliowaficha miaka ya mwanzo, wakaja kuyajua kwingine.

KiongoziWaAlhamisi:

Narudi kama nilivyoahidi. Tulikuwa kumi na sita, wawili wageni. Nilifanya lile zoezi la kunakili kwa safu mbili, na kufikia karatasi ya tano "uliye mbinguni" ikaingia. Aliyeiingiza ni mimi mwenyewe, na nilikuwa najua!

Kijana hakusema mengi. Aliuliza kama lile gombo la Isaya linaweza kuonekana, nikamwambia picha zake ziko kwenye intaneti. Alikuwa nazo kwenye simu kabla hatujaagana, akiupitisha kwa wengine ule mstari ulioandikwa pembeni.

Mzee alivaa miwani akaweka kidole kwenye mabano ya Mathayo 17. Alikaa hivyo muda mrefu. Akasema ameusoma mstari huo miaka zaidi ya arobaini na hakuwahi kujiuliza ile alama ni ya nini. Kisha akamwomba yule dada amwazime Biblia yake mpya kwa wiki moja, naye akamwachia ya kwake.